Kufunga Wi-Fi ya lupango: mwongozo kamili wa maneno ya siri na mipangilio ya ruta

Hapa Lubumbashi ruta moja mara nyingi hulisha lupango zima, yaani nyumba zote za kiwanja kimoja. Mwenye nyumba au mpangaji mmoja ameinunua, wengine wanaomba, na mega za mwezi, yaani kifurushi cha data, zinaisha tarehe 12. Hapo watu huanza kuwaza wadukuzi. Kwa kawaida hakuna mdukuzi yeyote: binamu alikuja Jumapili akapewa neno la siri, akampa rafiki yake anayekaa nyuma ya ukuta, na sasa simu tatu zisizojulikana zinapakua masasisho yao kila usiku kwa hesabu yako.

Kwa hiyo tuanze kwa kukubali kwamba neno la siri la Wi-Fi litavuja, kwa sababu linapita midomoni mwa watu. Unachoweza kufanya ni kupanga ruta ili linalovuja liwe lile la wageni, kulibadilisha kuwe kazi ya dakika mbili, na aliye nalo asiweze kuifungua ruta yenyewe. Tenga saa moja na nusu kwa mara ya kwanza.

Maneno ya siri ni mawili

Hapa ndipo wengi wanapokwama. La kwanza ni la Wi-Fi, lile watu wanaloliita kodi: «Mama Aline, nipatie kodi ya Wi-Fi.» Linamruhusu mtu kutumia intaneti. La pili ni la msimamizi, linalofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Mtu anaweza kubadilisha la kwanza kila wiki huku la pili likiwa bado «admin» kama lilivyotoka kiwandani.

Aliye na neno la msimamizi anaona vifaa vyote vilivyounganishwa, anaweza kusoma neno lako jipya la Wi-Fi, anaweza kukufungia nje, na anaweza kubadilisha anwani za DNS. DNS ni kama daftari la simu la intaneti: ukiandika jina la tovuti, yeye ndiye anayeiambia kompyuta yako iende wapi. Daftari likibadilishwa, unaweza kuandika jina sahihi la benki yako ukapelekwa kwenye ukurasa wa kuiga. Na si lazima mbaya wako awe jirani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani.

Kabla ya kugusa kitu

Geuza ruta, piga picha ya kibandiko cha chini. Kina anwani ya ukurasa wa mipangilio, jina la Wi-Fi la kiwandani, neno lake, na pengine neno la msimamizi. Kibandiko hicho hufifia kwa joto na vumbi, na siku utakapokihitaji hutakisoma.

Kisha andika kwenye daftari vifaa vyote vya nyumbani vinavyotumia Wi-Fi: simu, kompyuta, televisheni, dekoda, printa, kamera ya getini. Ukibadilisha neno la siri vyote vitakatika kwa pamoja, na kitakachosahaulika ni kamera, ambayo utagundua haikurekodi siku unapoihitaji.

Tafuta pia kebo ya Ethaneti kama una kompyuta yenye tundu lake. Si lazima, lakini ukibadilisha mipangilio ya Wi-Fi ukiwa juu ya Wi-Fi hiyohiyo, unakatwa katikati ya kazi. Kwa kebo hukatwi.

Kuingia ndani

Kwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta katika mstari wa juu, si katika kisanduku cha kutafutia. Zinazokutwa sana ni 192.168.0.1 na 192.168.1.1, modemu nyingi ndogo za 4G za Huawei hutumia 192.168.8.1. Usikisie sana. Kwenye simu ya Android yenye Kifaransa, ingia Wi-Fi, gusa jina la mtandao, tafuta «Passerelle». Kwenye iPhone inaitwa «Routeur». Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome mstari wa «Passerelle par défaut».

Ukurasa usipofunguka, sababu huwa mojawapo ya hizi. Data ya simu haijazimwa, na simu ikiona Wi-Fi haina mega inaamua yenyewe kupita kwenye SIM yake. Au VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwingine, imewashwa, izime. Au umeunganishwa na ruta ya jirani yenye jina linalofanana na lako, jambo la kawaida pale ambapo nusu ya mtaa imenunua modemu ya aina moja. Kivinjari kikionya kwamba ukurasa si salama, endelea: ruta nyingi za nyumbani hutumia http ya kawaida ndani ya nyumba. Onyo hilo lipuuzie hapa tu, usilipuuzie kwingine.

Neno la kiwandani likikataa, ujue kuna mtu alishalibadilisha: fundi aliyefunga, au aliyekuuzia. Ruta ya mtumba iliyopita mpakani Kasumbalesa huja na historia yake. Ifute kabisa: ikiwa imewashwa, ingiza sindano katika tundu dogo lililoandikwa Reset, bonyeza kwa sekunde 10 hadi taa zote ziwake au zizime kwa pamoja, achia, subiri dakika 3. Angalizo moja kwa wenye fayiba: kufuta kunaweza kuondoa pia jina na neno la kuunganisha kwa kampuni ya intaneti. Yaulize kwanza kwa simu, yaandike, ndipo ubonyeze.

Anza na neno la msimamizi

Tafuta «Outils système», «Administration» au «Système», kisha «Mot de passe». Weka neno refu, herufi 16 na kuendelea, lisilofanana kabisa na la Wi-Fi. Kama ruta inaruhusu kubadilisha na jina la mtumiaji, ondoa «admin».

Neno hili hutalitumia mara nyingi, basi si lazima likae kichwani. Liandike kwenye daftari linalokaa ndani ya nyumba pamoja na hati nyingine. Watu hufundishwa kwamba kuandika neno la siri ni kosa. Kwa ruta ya nyumbani, mwizi wa intaneti yuko nje ya ukuta na daftari liko ndani ya kabati. Kosa ni kulibandika juu ya ruta.

Kama fundi ndiye aliyekufungia, libadilishe akishaondoka. Mafundi wengi hutumia neno moja kwa wateja wao wote. Si ubaya, ni urahisi wa kazi, lakini anayelijua kwa mteja mmoja amelijua kwa wote. Kwa Starlink, intaneti ya setilaiti, mipangilio iko ndani ya programu ya simu. Hakikisha akaunti imefunguliwa kwa barua pepe yako, si ya aliyekuletea vifaa.

Neno la Wi-Fi: urefu ndio kila kitu

Mtu anayetaka neno lako la Wi-Fi kwa ufundi hakai nje akijaribu moja baada ya lingine. Anasubiri simu moja ijiunge, ananasa ile salamu fupi kati ya simu na ruta, kisha anaenda nayo nyumbani na kuachia kompyuta ikisie. Ruta haijui lolote, haiwezi kumzuia baada ya mara tatu. Kadi ya michoro ya kompyuta ya michezo hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Tuchukue laki nne.

Namba ya simu kama neno la siri: tarakimu 10, lakini 3 za kwanza zinajulikana na kila Mkongomani. Zinabaki 7, yaani milioni 10 kwa kila kiambishi, sekunde 25. Ukipitia viambishi vyote vya nchi bado hufikishi dakika kumi. Tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu 8: miaka 100 ina tarehe 36 500 hivi, haifikishi hata sekunde moja. Tarakimu 8 zozote, kama zile ambazo ruta nyingi huja nazo zikiwa zimechapishwa chini: milioni 100, dakika 4 na ushee.

Sasa chukua maneno ya kawaida yaliyookotwa ovyo. Kama unachagua kati ya maneno 2 000, manne yanatoa michanganyiko trilioni 16, na kompyuta ileile inahitaji siku 460 hivi kuimaliza. Ongeza neno la tano: miaka zaidi ya 2 500. Kwa hiyo matano. Yatoe kwa bahati, si kichwani, kwa sababu kichwa hupenda mpangilio na kitakupa «mungu ni mwema sana leo». Chukua kamusi, funga macho, fungua ukurasa, weka kidole. Rudia mara tano. Utapata kitu kama hiki, ambacho bila shaka hutakitumia kwa kuwa kimeshaandikwa hapa:

ufagio-mbuni-kipimo-tandaza-shaba

Herufi 33 pamoja na vistari. Mtoto anaweza kulikariri, na mgeni unaweza kumsomea bila kusema «herufi kubwa, hapana, ile nyingine». Wi-Fi inakubali kuanzia herufi 8 hadi 63.

Mitego ya kuandika ni mingi kuliko mitego ya wadukuzi, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Usitumie herufi zenye alama za Kifaransa, é, è, ç. Kiwango kinatambua herufi za msingi tu; ruta moja itakataa, nyingine itakubali kisha simu ishindwe kuunganika, nawe utaapa kwamba neno ni lilelile. Neno kama «ng'ombe» nalo liache: simu nyingi, hasa iPhone, hugeuza ile alama ya juu kuwa mkato uliopinda, na mkato uliopinda si alama uliyoweka kwenye ruta.

Ukiandika neno kwenye WhatsApp ili ulinakili, simu inaweza kuifanya herufi ya kwanza kuwa kubwa, na kunakili kunaweza kubeba nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo ni herufi kamili. «shaba» na «shaba » ni maneno mawili tofauti.

Halafu kibodi. Kompyuta nyingi za mtumba mjini zina vibonye vya QWERTY huku Windows yake imewekwa Kifaransa. Bonyeza m-a-u-a na kinachoandikwa ni ,quq. Kwa kuwa kisanduku cha neno la siri kinaonyesha nukta tu, huoni kosa. Ruta inapokea ,quq na simu zako zote zinakataliwa. Dawa ni rahisi: andika neno kwanza mahali unapoliona, kwenye Notepad kwa mfano, lisome, ndipo ulinakili. Au gusa kile kijicho pembeni ya kisanduku.

Jina la mtandao libadilishe pia. Ruta hutumia jina hilo pamoja na neno la siri kutengeneza ufunguo wake, na kwa majina ya kiwandani yanayojulikana sana watu wameshaandaa orodha za funguo tayari. Usiweke jina la familia wala namba ya nyumba. Na ikiwa unabadilisha ruta tu huku neno lako bado ni siri, ipe ruta mpya jina lilelile na neno lilelile: vifaa vyote vitajiunga vyenyewe bila wewe kuzunguka nyumba.

WPA2, WPA3, na kitufe cha WPS

Katika «Sécurité sans fil» utaona orodha. WEP ya mwaka 1997 ilivunjwa tangu 2001; inafunguka kwa dakika chache hata ukiweka neno la aina gani. WPA yenye TKIP nayo iache, tena inapunguza kasi. Chagua WPA2 yenye AES, au WPA2/WPA3 kama ruta inayo. WPA3 peke yake, iliyotoka 2018, ni bora kwa sababu inazuia ule ujanja wa kunasa salamu na kukisia nyumbani, ila simu za zamani na printa nyingi hazitaiona. Ukiweka mchanganyiko na simu moja ikakataa, tafuta mstari wa «PMF» au «802.11w» na uuweke kwenye hiari badala ya lazima. Kwa kawaida inatosha.

WPS izime. Ndiyo ile njia ya kubonyeza kitufe au kuandika PIN ya tarakimu 8 ili kuunganisha kifaa bila neno la siri. Tarakimu 8 zinasikika nyingi, lakini ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta huhakiki PIN kwa vipande viwili: 4, kisha 3. Kwa hiyo badala ya majaribio milioni 10 yanahitajika 11 000 tu. Udhaifu huu ulitangazwa Desemba 2011 na bado ruta mpya zinauzwa WPS ikiwa imewashwa. Neno lako la herufi 33 halina maana kama mlango huu uko wazi. Baada ya kuizima, zima ruta na uiwashe tena, kisha urudi kuhakikisha kwamba imebaki imezimwa. Baadhi ya ruta hujisahau.

Mtandao wa wageni

Hii ndiyo sehemu inayobadilisha maisha ya lupango. Tafuta «Réseau invité». Unawasha mtandao wa pili wenye jina lake na neno lake, ndani ya ruta ileile. Wapangaji, marafiki na watoto wa majirani wanakaa huko. Kompyuta yako, printa na kamera vinabaki kwenye mtandao mkuu ambao neno lake wanalijua watu wawili au watatu.

Pitia mistari yake mmojammoja. Wageni kufikia mtandao wa ndani: zima. Wageni kuonana wao kwa wao: zima, ili simu yenye virusi isipige hodi kwa nyingine. Ulinzi: WPA2, kwa kuwa ruta kadhaa huacha mtandao wa wageni bila neno lolote kama hukuweka. Kikomo cha kasi kama kipo: megabiti 3 hadi 5 kwa sekunde zinatosha WhatsApp na video ya kawaida, na mtu mmoja hamalizi haraka forfe (kifurushi) ya mwezi. Ratiba kama ipo: zima saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, maana ndizo saa ambazo simu hujisasisha zenyewe.

Neno la wageni libadilishe kila mwezi siku ileile ya kukusanya kodi, safari hii ile ya nyumba. Aliyechangia anapewa jipya, na hakuna ugomvi wa «mbona umenikata mimi peke yangu». Maneno manne yanatosha hapa kwa kuwa hayaishi muda mrefu.

Kuhusu ule mraba wa QR wa kuunganisha simu bila kuandika: ni mzuri, lakini ujue ndani yake neno la siri limo wazi. Simu za Android kuanzia toleo la 10 zinaweza kuonyesha QR ya mtandao zilizounganika nao, na nyingi zinaandika neno lenyewe chini yake. iPhone kuanzia iOS 16 inaonyesha neno kwa kugusa mara moja. Kwa hiyo hata ukimwandikia mgeni neno kwa mkono wako bila kumwonyesha, simu yake inalo na inaweza kulisoma kwa sauti kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana mgeni hapewi la mtandao mkuu kamwe, hata akiwa shemeji.

Modemu nyingi ndogo za mfukoni hazina mtandao wa wageni. Nafuu ya kwanza ni kupunguza idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa, kwa mfano kutoka 16 hadi 6. Kwa ruta kubwa ya 4G yenye tundu la kebo kuna njia bora zaidi: nunua ruta ya pili ya bei nafuu na uiunganishe kwa kebo, tundu la WAN la ya pili katika tundu la LAN la ya kwanza. Hapa karibu kila mtu hukosea mwelekeo. Wageni wanatakiwa kukaa kwenye ruta ya kwanza, ile yenye SIM, na familia kwenye ya pili. Aliye nyuma ya ruta ya pili anaweza kuona ya kwanza, ila wa kwanza hawezi kuona ya pili. Ukiwaweka wageni nyuma, umewapa dirisha la kuchungulia nyumba yako. Hakikisha pia anwani hazigongani: kama ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili iwe 192.168.50.1. Zikifanana, intaneti haitapita na hutaona kosa lolote la wazi.

Milango mingine

Usimamizi wa mbali, «Gestion à distance»: zima. Unaruhusu ukurasa wa mipangilio kufunguliwa kutoka intaneti, na nyumbani hauna kazi.

UPnP: zima. Inaruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua tundu kuelekea nje bila kukuuliza. Mchezo fulani wa mtandaoni ukilalamika, washa tena na uamue wewe kama mchezo unastahili.

DNS: angalia kilichoandikwa. «Automatique» ni sawa. Namba 1.1.1.1, 8.8.8.8 au 9.9.9.9 pia ni sawa, zinajulikana duniani kote. Ukikuta namba nyingine ambazo hukuziweka na kampuni yako ya intaneti haizitambui, futa ruta yote na uanze upya. Usizibadilishe tu na kuendelea.

Sasisho la programu ya ruta lina hatari yake hapa kwetu, basi tulipe nafasi.

Umeme

Sasisho huandika upya ubongo wa ruta kwa dakika 3 hadi 10. Umeme wa SNEL ukikatika katikati, ruta inaweza kubaki imewaka taa moja bila kuamka tena, na hata sindano ya Reset haiifufui. Usisasishe saa ambazo mtaa wako hukatiwa. Modemu yenye betri yake: ijaze kwanza, zaidi ya nusu. Ruta ya ukutani: iweke kwenye inveta au kwenye kibetri kidogo cha ruta kinachouzwa madukani. Kabla ya kuchomeka kibetri soma nyuma ya ruta. Kama imeandikwa 12V 1A, kibetri kitoe volti 12 na angalau ampea 1. Ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuichoma. Ya volti 12 ukiipa 9 itawaka na kuzima kila ikipata kazi, nawe utalaumu mtandao.

Pakua sasisho kutoka ndani ya ukurasa wa ruta au tovuti ya mtengenezaji, kwa modeli kamili pamoja na namba ya toleo la kifaa iliyo kwenye kibandiko. V2 na V4 za jina moja ni vifaa viwili tofauti. Modemu «iliyofunguliwa» ili ikubali SIM zote huenda imewekewa programu isiyo ya mtengenezaji. Sasisho la kawaida linaweza kuifunga tena au kuiua. Hiyo usiisasishe, lakini pia usiitumie kwa kazi za pesa.

Umeme unaporudi hurudi kwa kishindo. Ruta iliyopigwa na mshituko inaweza kupoteza mipangilio yake na kurudi ilivyotoka kiwandani: jina la zamani, neno la kwenye kibandiko, WPS imewashwa. Dalili ni kwamba simu zote zinasema mtandao haupo, na karibu yako umetokea mtandao wenye jina la kiwandani. Kwa hiyo ukimaliza kila kitu tafuta «Sauvegarde» na uhifadhi faili ya mipangilio kwenye kompyuta au flashi. Siku hiyo ikifika, unairudisha faili na umemaliza kwa dakika moja. Faili hiyo ina maneno yako ya siri ndani; isikae kwenye kompyuta ya saiba.

Weka ruta juu, ndani ya chumba kinachofungwa, mbali na dirisha la barabarani. Sindano ya Reset haijui neno lako lina herufi ngapi.

Nani yuko ndani?

Fungua «Appareils connectés» au «Liste des clients DHCP». Linganisha na daftari lako. Majina mengine hayaeleweki, basi zima simu moja, onyesha upya ukurasa, uone jina gani limetoweka. Kumbuka kwamba simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutumia anwani ya MAC (namba ya kutambulisha kifaa) ya kubuni kwa kila mtandao. Kwa hiyo simu ileile ikifuta mtandao na kujiunga tena inaweza kuonekana kama ngeni. Usianze ugomvi na jirani kwa ushahidi wa mstari mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo, kuzuia vifaa kwa MAC ni kazi ya kuchosha na inazuia watu wema tu. Anayetaka kupita anaiga anwani iliyoruhusiwa. Kuficha jina la mtandao nako hakufichi kitu, maana simu zako zinaliita jina hilo kwa sauti kila zinapolitafuta. Ukitaka kweli ishara isivuke ukuta, punguza nguvu ya kurusha kutoka 100% hadi 50% na uweke kompyuta zako kwenye 5 GHz, ambayo matofali huizuia zaidi kuliko 2.4 GHz.

Mpangaji akihama, badilisha neno la wageni siku hiyohiyo. Simu yenye neno kuu ikiibiwa, badilisha kuu, na fuata mpangilio huu ili usijifungie nje: ingia kwa kebo, badilisha neno la msimamizi kwanza kama simu hiyo iliwahi kulihifadhi, kisha la Wi-Fi, bonyeza kuhifadhi, subiri ruta ijiwashe upya, unganisha simu moja tu. Ikikubali, chukua daftari uendelee na vingine, ukianza na kamera ya getini.